Asiyejua Maana: Wimbo wa Kijiti na Deni la Msikilizaji

Upo msemo wa kale ambao watu wa pwani humtupia aliyesikia fumbo asilifumbue: asiyejua maana haambiwi maana. Msemo huu una kiburi ndani yake, na una hekima vilevile. Kiburi chake ni kuwa wanaojua hujifungia mlango wakawacheka walio nje. Hekima yake ni kuwa maana haigawiwi kama kahawa ya barazani, bali hutafutwa na anayeihitaji. Katika taarab msemo huu umetumika zama na zama, kwani taarab ni muziki wa mafumbo, na nusu ya starehe yake ni kumwona jirani akibadilika uso kwa ubeti uliomlenga. Lakini mwaka 2020 ilitoka albamu iliyoufanya msemo huo uulizwe upya, na swali lililozuka si la muziki peke yake, ni la haki. Mtu anayeguswa na wimbo asioujua maana, je, huzuni anayoisikia ni yake kweli, au ameiazima bila ya kuuliza mwenyewe ni nani? Na yule aujuaye maana neno kwa neno, lakini haguswi tena, yeye ana fakhari gani ya kumcheka mwenziwe?

Albamu yenyewe inaitwa Siti of Unguja, na ilitolewa na lebo ya London iitwayo On the Corner. Mwimbaji wake ni Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad. Muziki uliongozwa na Mohamed Issa Matona, mpiga fidla na udi ambaye kwa wapenzi wa taarab wa Unguja hahitaji utangulizi. Nyimbo ni za yule mkubwa wa ukoo mwenyewe, miongoni mwao Machozi ya Huba na Kijiti. Udi umo, fidla imo, ngoma zimo. Kilichoongezwa ni giza la kuzizunguka: besi nzito inayotambaa chini ya sauti, mwangwi unaolirefusha neno mpaka likayeyuka, milio ya mashine inayokuja na kuondoka kama upepo wa usiku katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Hapana shangwe ya ukumbi humu, wala vigelegele, wala mtu anayeinuka na noti mkononi. Ni muziki wa mtu aliye peke yake, saa ambazo mji umelala.

Wahakiki wa Ulaya kwa jumla waliipokea vyema, na sifa zao zilielemea upande mmoja: uzito wa hali yake, mvuto wa giza lake, ustadi wa kuikutanisha sauti ya kale na mitambo ya leo. Nyumbani, lalamiko linalokutana na kila jaribio la namna hii linajulikana, na limezeeka kuliko albamu yenyewe: mashine zimeyafunika maneno, na taarab bila ya maneno ni mtungi bila ya maji. Kwa mtazamo wa kwanza pande hizi mbili zinapingana. Mmoja anasifu kile kile ambacho mwingine anakililia. Walakini ukizitazama kwa utulivu zinakutana mahali pamoja, napo ni pabaya. Zote zinaujadili wimbo kama kitu: kimetengenezwa vizuri, kimeharibiwa, kimehuishwa, kimeibwa. Aliyeimbiwa, yule ambaye kwa sababu yake wimbo ulitungwa, hatajwi na upande wowote.

Yafaa basi kumtaja, na njia ya kufika kwake ni Kijiti.

Kisa hicho, kama wimbo ulivyokihifadhi na kama alivyokieleza mwanahistoria Laura Fair katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya burudani na siasa katika Unguja ya baada ya utumwa, ni kifupi na kizito. Mwanamke mgeni alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mja mzito. Akatoka na wenziwe kwenda ngomani upande wa Chukwani, na katika msafara ule alikuwamo mwanamume aitwaye Kijiti. Mgeni hakurudi hai. Kijiti alimtenda unyama akamuua, kisha akavuka bahari akakimbilia bara. Shauri lilipofika mbele ya hakimu wa serikali ya kikoloni, mkosaji hakuwapo. Waliokuwapo ni wanawake wawili waliokuja kusema waliyoyajua, na hao ndio waliotiwa hatiani, kwa kuwa wao ndio walionunua kileo cha safari ile. Muuaji akawa huru ng'ambo ya maji, na mashahidi wakaadhibiwa.

Siti binti Saad aliuchukua msiba huo akautia katika wimbo, na alipofanya hivyo aliiweka kando ada kubwa ya sanaa yake. Hakufumba. Jina la mtu ndilo jina la wimbo. Mahali pametajwa, walioonewa wametajwa, ghadhabu ya hakimu imeelezwa, na mwisho mkimbizi anaonywa kuwa huko alikokimbilia pia hatapata amani. Mwimbaji ambaye mji mzima ulimjua kwa mafumbo aliona kuwa hapa fumbo lingekuwa kumsaidia muuaji kujificha mara ya pili. Mahakama ilikuwa imefunga daftari; wimbo ukafungua jingine. Na tangu safari yake ya Bombay mwaka 1928, nyimbo za Siti zilipotiwa katika santuri zikauzwa mwambao mzima, wimbo ulikuwa na uwezo ambao shahidi wa Unguja hakuwa nao: kuvuka bahari ile ile aliyoivuka mkosaji.

Wimbo wa aina hii ni ushahidi, na ushahidi una masharti ambayo wimbo wa mapenzi hauna. Machozi ya huba hayana anuani. Mtu wa Makunduchi aliyeachwa na mtu wa Oslo aliyeachwa wanaweza kulia kwa sauti moja, na hakuna aliyedhulumiwa kwa kuwa mmoja hakujua jina la mpenzi wa mwingine. Kila moyo huingia katika wimbo huo na msiba wake wenyewe, na ndiyo maana ukatungwa. Kijiti una anuani. Unamhusu mwanamke mmoja, usiku mmoja, shauri moja, na dhuluma mbili zilizofuatana. Atakayeusikia kama huzuni tupu, huzuni ya popote na ya yeyote, amesikia uongo ijapokuwa kila sauti aliyoisikia ni ya kweli. Hapa ndipo albamu yenye giza inapoleta mashaka ya kweli. Mwangwi na besi zinapozifunika nyimbo zote kwa shuka moja, aliyeachwa na mpenzi na aliyeuawa na mimba yake wanalala kitanda kimoja. Mhakiki akishasema kuwa albamu yote ina majonzi ya kupendeza, amemfanya marehemu kuwa sehemu ya hali ya hewa.

Hiyo ndiyo hoja dhidi ya msikilizaji wa mbali, na ni hoja nzito. Lakini taarab yenyewe, ikiitwa kutoa ushahidi dhidi yake, itakuwa shahidi mgumu.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutikisika moyo, kwa furaha au kwa huzuni. Halisemi kuelewa, linasema kuguswa. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, aliwaleta wanamuziki wa Misri katika kasri lake na akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, nyimbo zilikuwa bado za Kiarabu. Mji wa wakati ule ulikuwa na Waarabu, lakini ulikuwa pia na Waswahili, Wangazija, Wahindi, na watu waliotoka utumwani wakiwa wamekuja na lugha za Nyasa na Maniema. Wangapi miongoni mwa waliosimama chini ya madirisha, wakaisikia sauti ikishuka kutoka juu, waliifuata kila kalima? Walikuwa hawajui maana, na walitikisika. Taarab ya Unguja ilipata wapenzi wake wa mwanzo kwa watu ambao msemo wa wazee ungewatoa nje.

Wala hayo hayakwisha na wakati wa masultani. Umm Kulthum alipokuwa akisikika redioni kutoka Cairo, barazani walikaa watu ambao Kiarabu chao kiliishia katika sala. Filamu za Kihindi zilipoonyeshwa Majestic na Empire, walitoka wanawake wa Ng'ambo na macho mekundu, na siku ya pili wakaimba vichochoroni maneno ambayo wasingeweza kuyafasiri hata moja. Watungaji wa taarab wakazichukua tuni zile zile wakazitia mashairi ya Kiswahili, na Wahindi wa Bombay hawakuulizwa kama ladha ya asili imepotea. Mzanzibari anayemshitaki msikilizaji wa Berlin kwa kulia bila ya kufahamu anamshitaki mama yake mwenyewe.

Kwa hiyo kutojua maana si dhambi. Ni mlango ambao karibu kila mpenzi wa muziki ameingilia. Hata huyo binti mdogo wa Mji Mkongwe ambaye leo anamjua Kijiti alimsikia kwanza kama sauti iliyotoka jikoni, kabla hajajua kuua ni nini. Lililo muhimu ni anachokifanya mtu baada ya kuingia. Yupo anayesikia, akatikisika, akageuka akauliza: ni nini hiki kilichonishika? Na yupo anayesikia, akatikisika, akaona kuwa kutikisika kwake kumetosha. Wa kwanza ameguswa na jambo lililo nje yake. Wa pili ameguswa na kuguswa kwake. Amemtumia mwanamke wa watu kama mtu anavyotumia udi wa kufukizia chumba, wapate wageni harufu nzuri.

Tofauti hii haionekani kwa nje. Wote wawili wamekaa kimya, wote wamefumba macho, wote watasema kuwa wimbo ni mzuri. Na hapa panadhihirika kitu ambacho ukumbi wa taarab ulikuwa nacho na ambacho albamu, kwa maumbile yake, haiwezi kukibeba. Ukumbini, anayeguswa huinuka. Hutembea mbele za watu mpaka kwa mwimbaji, akamtunza, na kwa kumtunza katika ubeti huu na si ule husema jambo ambalo atakuja kuulizwa. Umemkusudia nani? Umeukubali ubeti huo kwa lipi lililokupata? Ndoa zimeingia mashakani na ujirani umevunjika kwa sababu ya noti moja iliyotolewa katika ubeti usiofaa. Hayo yana madhara yake, na hakuna haja ya kuyapamba. Lakini yana fundisho: katika desturi ya taarab, kupendezwa ni tendo, na mwenye kutenda hubeba dhamana ya tendo lake. Mhakiki anayetoa nyota nne katika tano hatoki mahali pake. Haulizwi na yeyote amemkusudia nani. Ametunza, lakini ameitunza hewa.

Ikiwa hadithi ingeishia hapo, wenyeji wangetoka katika shauri hili wakiwa safi. Hawatoki. Kwani yupo msikilizaji wa tatu, na kosa lake ni kubwa kuliko la yule wa mbali, kwa sababu hana udhuru wa lugha.

Huyu ni yule aliyezaliwa na wimbo. Anaujua tangu utotoni. Amemsikia Bi Kidude akiuimba, yule bibi aliyezibeba nyimbo za Siti kwa miongo mingi, dunia ikampa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na Unguja ikamzika mwaka 2013. Amemsikia Kijiti harusini, amemsikia redioni akikatwa katikati na matangazo ya biashara, amemsikia kwenye tamasha na kwenye chakula cha jioni cha watalii jua likizama Forodhani. Anaweza kuuimba mwanzo hadi mwisho huku akipanga hesabu za kesho. Kila neno analijua, na hakuna neno linalomwambia kitu. Kwake Kijiti si mtu aliyeua. Ni tuni ya zamani, ni turathi, ni fakhari ya kisiwa. Akisikia kuwa Wazungu wameutia wimbo katika mashine, hukasirika, na hasira yake ni ya kweli. Lakini sikiliza anachokitetea. Anautetea wimbo wetu. Mgeni aliyeuawa hamtetei, kwa kuwa hakumkumbuka tangu siku ya kwanza.

Mazoea hufuta kama mwangwi unavyofuta. Mwangwi huliyeyusha neno lisisikike. Mazoea huliacha neno likasikika wazi, kisha yakaliondolea uzito. Na mtu asidhani kuwa hii ni khabari ya leo peke yake. Katika miaka ya 1990, vikundi kama East African Melody vilipokuja na vinanda vya umeme na mipasho iliyo wazi, na mtindo wa rusha roho ukaenea kutoka Unguja na Dar es Salaam hadi Mombasa, wapenzi wa taarab ya asili walilalamika sana. Walisema fidla zimeuawa na kinanda, na walisema maneno yamekuwa matupu, hayana staha, hayana fumbo. Lalamiko la kwanza lilikuwa juu ya ala na la pili juu ya uwazi. Katika joto la mjadala ule ilikuwa rahisi kusahau kuwa mkubwa wao wote, Siti binti Saad, alikuwa amekwishautupa usiri pale haki ilipomtaka autupe. Uwazi wa Kijiti na uwazi wa mipasho si kitu kimoja: mmoja unamtaja muuaji ili asisahauliwe, mwingine unamsema mke mwenza ili aumie. Lakini ilihitajiwa kusikia ili kuzitofautisha, na wengi walikuwa wakilinda mlango wa nyumba ambayo hawakuingia ndani yake siku nyingi.

Siti mwenyewe aliyaonja maamuzi ya wasiosikia. Alizaliwa Fumba katika ukoo wa watu waliokuwa watumwa, akauza vyungu alivyovifinyanga mama yake, na alipopanda akafika katika kumbi za wakubwa walikuwapo waliomdhihaki kwa nasaba yake na kwa sura yake. Shaaban Robert, katika wasifu aliomwandikia, alimweka katika heshima ambayo wenye dhihaka hizo hawakuipata. Waliomcheka walikuwa wakikijua Kiswahili vizuri. Walielewa kila alichokiimba. Kuelewa hakukuwazuia kutosikia. Na yumkini mafundi waliokaa nyuma ya mitambo kule Bombay hawakujua neno lake hata moja, na kwa kazi yao sauti ile ikahifadhiwa. Atakayetaka kugawa watu baina ya wanaojua na wasiojua, kisha akawape wa kwanza haki yote na wa pili aibu yote, itambidi aikane nusu ya historia ya muziki huu.

Pana jambo jingine ambalo haki inataka lisemwe kwa upande wa albamu. Mwenyeji wa mazoea, akikaa nayo usiku, akavumilia mashine zake mpaka ufike wimbo wa Kijiti, huenda akapatwa na jambo asilolitazamia. Tuni ni ile aliyoizoea, lakini mahali alipozoea kuikuta pamebomolewa. Hakuna vigelegele vya kumkumbusha harusi ya shangazi. Besi inatambaa chini kama mtu anayefuata nyuma gizani. Neno linatoka, linarefuka, na kabla halijapotea linamwacha msikilizaji na nafasi ya kimya ambayo ukumbini haikuwako. Katika nafasi hiyo anaweza, pengine kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kusikia anachoambiwa. Mtu alichukuliwa usiku akarudishwa maiti. Giza ambalo kwa msikilizaji wa mbali lilikuwa pambo, kwake limekuwa ndiyo njia ile ya Chukwani.

Hivyo giza moja lina kazi mbili zinazopingana. Kwa asiyejua linaweza kufunika, na kwa anayejua linaweza kufunua. Hili linaonyesha kuwa hukumu ya albamu haiwezi kutolewa kwa kuipima yenyewe tu, kama mtu anavyopima kitambaa kwa pima. Sharti apimwe na aliyeisikiliza. Wimbo wa ushahidi una tabia hii ya ajabu, kwamba anayeketi kuuhukumu hujikuta naye amesimamishwa kizimbani. Ukishausikia, umekuwa miongoni mwa wanaojua kilichotendeka. Waliojua mwanzo walikuwa wanawake wawili, na serikali ikawaadhibu kwa kujua kwao. Siti akawaongezea wenzi: kwanza walioketi naye Ng'ambo, kisha walionunua santuri, kisha kila aliyesikia baada yao. Kusikiliza Kijiti ni kuongezwa katika orodha ya mashahidi. Na shahidi, awe wa Kiponda au wa Copenhagen, hana rukhsa ya kusema kuwa alikuwapo lakini alivutiwa zaidi na uzuri wa mwangwi.

Deni hilo si kubwa kiasi cha kumfukuza mtu. Halimtaki msikilizaji wa mbali ajifunze Kiswahili kabla ya kufungua masikio, wala halimtaki aache kupenda besi. Linamtaka aulize. Swali moja linatosha kuanza nalo: huyu anayetajwa ni nani, na alifanya nini? Na kwa kuwa kila swali lina upande wa pili, deni linawaangukia vilevile wanaoweza kujibu. Wenyeji wa kisiwa, walimu wa muziki, waandishi, wazee walio na kumbukumbu, wote hawa wamekwisha kupewa maana bila ya kuitafuta, kwa kuzaliwa tu. Kwao kuurudia msemo wa kale na kumwambia mgeni kuwa asiyejua maana haambiwi maana ni ubahili. Msemo ule ulitungwa kwa ajili ya mafumbo, ambapo kufichua ni kuharibu. Katika Kijiti aliyeficha alikuwa muuaji. Mwenye wimbo alitaka kila mtu aambiwe.

Yapo pia maneno mengine ya wazee, nayo yanasemwa zaidi wakati wa kutandika jamvi kuliko wakati wa kujadili muziki: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni vigumu kuyasema bila ya kumkumbuka yule mgeni wa kutoka Dar es Salaam, ambaye alikuja na mwenyeji hakupona, wala yeye mwenyewe hakupona. Mji ulimpokea, mji ukashindwa kumlinda, na mahakama ya mji ikashindwa kumlipia. Lililobaki kwa ajili yake ni wimbo, na wimbo hauna nguvu ila ile inayopewa na anayeusikiliza. Sasa wimbo umekwenda ugenini, umevaa nguo za huko, na kwa njia hiyo unaleta wageni wengine. Baadhi yao watafika Forodhani wakiwa na tuni ile vichwani, na mmoja, labda mwenye haya, atamwuliza kijana anayechoma mishikaki kama anaufahamu wimbo unaoitwa Kijiti. Kijana atasema ndiyo, kila mtu anaufahamu. Kisha ataulizwa unasema nini.

Hapo itambidi anyamaze kidogo, ageuze mishikaki isiungue, na ayapange maneno ambayo ameyaimba miaka yote. Atalazimika kumtaja mwanamke, mimba yake, usiku ule, na wale wawili waliofungwa. Na akimaliza kueleza, watakuwa ni wawili waliosikia.